Karata za taroti: mtu asiyejua lolote aanzie wapi?

Binti Mikindani ameuliza:

Nawasalimu nyote. Nimepewa zawadi ya kasha la karata za taroti, zile za picha ambazo watu huzisoma ili kutabiri mambo, pamoja na kijitabu kinachodai kwamba zilibuniwa na makuhani wa Misri ya kale. Karata za kawaida ninazicheza vizuri, lakini hizi ni 78, na baadhi yake, kama ile ya mnara unaopigwa na radi, sioni zinahusiana vipi na mfalme, malkia na ghulamu ninaowajua. Ningependa kueleweshwa jinsi zilivyopangwa, ukweli wa habari hiyo ya Misri, na namna ya kuanza kuzisoma bila kukariri kitabu kizima. Mwenye neno la kidini pia naomba aliseme kwa staha, kwa kuwa nyumbani nimekwisha kuulizwa.

Mcheza Turufu amejibu:

Dada, zitenge kwanza karata 56 zisizo na majina makubwa, nawe utajikuta ugenini kidogo tu. Zimegawanyika katika aina nne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo, na kila aina ina karata 14: ree hadi 10, kisha ghulamu, mpanda farasi, malkia na mfalme. Kilichozidi hapo ni mpanda farasi peke yake. Hata aina zenyewe unazo tayari, maana kopa, uru, shupaza na pau tulizozipokea kwa Wareno ni vikombe, dhahabu, panga na magongo hayo hayo.

Karata 22 zinazobaki, kuanzia Mpumbavu hadi Ulimwengu, ni turufu kwa maana ile ile ya barazani: karata inayokula nyingine ya aina yoyote, isipokuwa Mpumbavu, mwenye kanuni zake. Zilibuniwa kwa ajili ya mchezo, katika Italia ya kaskazini, na kufikia miaka ya 1440 watawala wa Milano na Ferrara walikuwa wakiagiza seti zilizochorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu. Mchezo huo haujafa. Nchini Ufaransa unachezwa hadi leo kwa karata zote 78, na Austria wanao wa kwao.

Kuhusu Misri, kijitabu chako kimekosea zama. Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na seti ya Wamamluki, watawala wa Kiislamu wa Misri na Shamu wa zama hizo, iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapi, Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo, wakati mfalme na manaibu wake wanatambulishwa kwa maandishi bila sura ya mtu. Turufu hazimo. Habari ya makuhani wa mafarao ilitangazwa mjini Paris mwaka 1781 na Antoine Court de Gébelin, aliyedai kwamba turufu ni mabaki ya kitabu cha hekima cha mungu Thoth, ilhali maandishi ya Misri ya kale hayakuwa yamesomwa na yeyote wakati huo. Mtaalamu wa Kifaransa, Champollion, alifumbua siri yake mwaka 1822. Miaka michache baada ya dai hilo, Mfaransa mwingine aliyejiita Etteilla alichapisha mafunzo ya kutabiri kwa taroti, na biashara ikashika kasi. Kwa hiyo karata hizi zilichezwa kwa zaidi ya miaka 300 kabla utabiri huo haujaenea, jambo ambalo wauzaji wa vijitabu hawana haraka ya kulisema.

Msoma Picha amejibu:

Historia imeelezwa vyema, nami niingie kwenye usomaji. Kama karata zako ndogo, yaani zile 56, zina picha za watu wakifanya mambo, na si vikombe au panga zilizopangwa tu, basi yaelekea ni seti iliyotolewa London mwaka 1909 au mojawapo ya zile zilizoiiga. Maelekezo yalikuwa ya mwandishi A. E. Waite, lakini kalamu ilikuwa ya Pamela Colman Smith, mchoraji aliyeishi Jamaika sehemu ya utoto wake, na kwa maoni yangu mwanzilishi anamhitaji Smith kuliko anavyomhitaji Waite. Sababu ni kwamba yeye alizipa hata karata ndogo tukio linaloonekana, hata mtu anaweza kuanza kwa kutazama.

Chukua Vikombe 5. Mtu aliyevaa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake viwili vimesimama, na mbele kuna mto wenye daraja. Kabla ya kufungua kijitabu, eleza kwa sauti unachokiona: nini kimepotea, nini kimebaki, na kwa nini hageuki? Ukifanya hivyo kwa karata moja kila siku na kuandika mistari michache katika daftari, maana zitakukaa zenyewe. Kumbuka tu kwamba kwa desturi ya wasomaji vikombe huhusishwa na hisia, sarafu na kazi na mali, panga na fikra na ugomvi, fimbo na ari ya kutenda.

Baadaye weka karata tatu kwa mstari. Tuseme umeuliza kuhusu kubadilisha kazi, zikatoka Sarafu 8, Vikombe 5 na Panga 6, yaani fundi anayegonga sarafu moja moja kwenye benchi lake, huyo mwenye joho jeusi, kisha mwendesha mashua anayewavusha mwanamke na mtoto. Usizisome kama hukumu tatu. Ziunganishe ziwe kisa kimoja cha mtu aliyejitahidi kazini, akahuzunika, na sasa anaondoka akiwa bado na mzigo wake, kisha ujiulize ni wapi kisa hicho kinafanana na chako na wapi hakifanani. Karata zilizotoka kichwa chini zigeuze tu kwa sasa, na ule mpango wa karata 10 unaoitwa Msalaba wa Kikelti uache hadi uzizoee hizi tatu. Mambo ya ugonjwa na kesi mahakamani yapeleke kwa daktari na wakili.

Abu Salim amejibu:

Kwa kuwa dada ameomba staha, nitakuwa mfupi. Kwetu Waislamu, kutafuta habari za ghaibu kwa ramli kumekatazwa waziwazi, na Sura Al-Maida, aya ya 90, inaitaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari. Wakristo nao wanayo Kumbukumbu la Torati 18:10. Kuijua historia ya karata au kutazama michoro yake ni jambo jingine, nami nimeisoma hapo juu kwa faida.

Binti Mikindani:

Nawashukuru sana, na Abu Salim nimekuelewa. Nina swali moja: katika kasha langu Nguvu ni namba 8 na Haki ni 11, lakini picha za seti ya Kifaransa iitwayo Marseille nilizoziona zina mpangilio kinyume cha huo. Ipi ni sahihi?

Mcheza Turufu:

Marseille ndiyo ya zamani zaidi. Waite na Smith walikuwa wanachama wa Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambacho kilizioanisha turufu na nyota za falaki. Karata ya Nguvu, yenye mwanamke anayemfumba simba kinywa, ilipewa nyota ya Simba. Haki, yenye mizani mkononi, ikapewa Mizani. Na Mkaa Pweke, namba 9, akapewa Mashuke. Kwa kuwa Simba hutangulia Mashuke na Mizani hufuata, namba mbili zikabadilishana nafasi. Kwa usomaji wa picha haina athari, ila ukipata wenzako wa kucheza nao mchezo wenyewe, tafuta seti ya Kifaransa ya kuchezea, ambayo turufu zake zina namba kubwa pembeni na hazina Shetani wala Kifo.