Naomba ushauri: fumbo la vipande 1,000 la maua ya Kijapani limenikwamisha pasipo na ua

Mleta uzi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi niliyeko Kyoto, na kwa kuwa mvua za Juni zimetufungia ndani, nilijinunulia fumbo la picha la vipande 1,000, lenye ukubwa wa sentimita 50 kwa 75, ambalo picha yake imetokana na michoro ya maua ya mchoraji wa Kijapani Tanigami Kōnan iliyochapwa mwaka 1917. Kingo zote nilizimaliza jioni ya kwanza, na dahlia jekundu la katikati likajengeka kwa siku mbili, kwa sababu kila petali ina kivuli chake. Vimebaki vipande vipatavyo 380 vya rangi moja, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na wiki nzima sasa sipachiki hata kumi kwa siku. Zaidi ya hayo, kipande kimoja cha shina la dahlia sikioni popote. Ndani ya boksi mna gundi na kibanzi cha kuipakia. Nilikusudia kuligandisha fumbo na kumpelekea mama yangu mzazi aliyeko Tanga alitundike ukutani. Nifanyeje?

Babu Vipande
Binti yangu, acha kutafuta kwa rangi, tafuta kwa umbo. Tenga vipande kwa idadi ya vichwa na matundu: vyenye vichwa viwili vinavyotazamana weka sinia moja, vyenye vichwa vitatu sinia jingine, na kadhalika. Kisha chagua pengo moja lililozungukwa pande tatu, ujaribu sinia linalohusika tu, kipande baada ya kipande. Inachosha, lakini ndivyo nilivyomaliza mafumbo ya anga tupu.

Mchapaji Mstaafu
Babu amesema kweli, ila mimi sikubali kwamba sehemu hiyo ni tupu. Picha za namna hii zilichapwa kwa vibao vya mbao, kila rangi na kibao chake, na karatasi ikalazwa juu ya kibao kilichopakwa rangi, kisha ikasuguliwa kwa mkono kwa kutumia baren, yaani kisahani kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Msuguo huo mara nyingi huacha mikwaruzo hafifu ya mviringo mahali penye rangi iliyotandazwa, na mpiga picha aliyenakili chapa ya zamani huinakili pamoja na nyuzi za karatasi na madoa ya umri wake. Kwa hiyo chukua vipande vyako kumi, uvipange karibu na dirisha mchana, si chini ya taa ya njano, halafu utazame upande ambao mikwaruzo inapinda. Usiinamishe taa ukidhani utaona makunyanzi, kwa maana kadibodi yako ni laini na mng'ao utakuziba macho. Tazama pia kama rangi inakolea kuelekea ukingo mmoja, kwani wachapaji wa Kijapani walipenda kuififisha polepole kwa kufuta sehemu ya rangi kwenye kibao kabla ya kuchapa.

Bustani ya Nyuma
Natoka kidogo nje ya swali: dahlia asili yake ni Mexico. Tanigami alijulikana hasa kwa kuchora maua ya nchi za Magharibi, kwa hiyo kilicho cha Kijapani hapo ni mkono na kibao, si ua lenyewe.

Binti Pwani
Dada, kuhusu gundi nakusihi usifanye haraka. La kwangu nililigandisha upande wa mbele tu nikalitundika, na masika yalipofika likajikunja kama chapati iliyoachwa juani, kwa sababu upande uliopakwa gundi haunywi unyevu ilhali mgongo wa kadibodi unaunywa. Tanga ni pwani kama kwetu. Ukiligandisha, libandike juu ya ubao mgumu na ulilaze chini ya vitabu vizito hadi likauke kabisa. Isitoshe, kitu cha sentimita 75 kisichokunjika utakisafirishaje? Mpelekee mama boksi lenye vipande, alipange mwenyewe. Na hicho kilichopotea, angalia kama boksi lina kadi ya kuombea kipande. Mafumbo mengi ya Japani huwa nayo.

Mleta uzi
Nawashukuruni wote, na Babu shikamoo. Jana na leo nimekaa dirishani, na kweli mikwaruzo ipo: kulia kwa dahlia inapinda kuelekea juu, na kushoto inakatishwa na doa dogo la kahawia ambalo siku zote nililidhania kuwa uchafu wa mezani kwangu. Nimepachika vipande 61 kwa jioni mbili. Kadi nayo nimeiona chini ya karatasi ya maelezo, inataka niandike mstari na safu ya kipande kilichokosekana, na nitaituma kesho. Gundi nimeirudisha kwenye boksi. Mama nimemuuliza kwa simu, akasema vipande vije vyote, hata hicho cha shina, ndipo ataanza.