MREJESHO: Stika ya PASSED kwenye lenzi za zamani za Kijapani

Wakuu, niliuliza kama ile stika ndogo ya dhahabu yenye neno PASSED inathibitisha kwamba lenzi ni nzima, na kama ibanduliwe kabla ya kusafisha. Asanteni kwa majibu, mambo yamekaa hivi.

Stika ni ya JCII, taasisi ya ukaguzi wa kamera iliyoanzishwa Japani mwaka 1954. Bidhaa za kuuzwa nje zilikaguliwa kwa sampuli, kwa hiyo lenzi yenye stika si lazima iwe yenyewe ilipimwa. Lenzi za soko la ndani hazikuhitaji stika hiyo, na isitoshe hubanduka au kuhamishiwa lenzi nyingine. Muuzaji akiipandishia bei, mwache nayo.

Cha kupima ni kioo. Fungua tundu la mwanga hadi mwisho, mulika tochi kutoka nyuma, kisha tazama mbele kwa mshazari. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Weupe ulioenea sawasawa mara nyingi ni mvuke wa grisi, na huo husafishika. Lenzi za M42 (za kufunga kwa skrubu ya milimita 42) zenye pini nyuma, punguza kwanza tundu la mwanga, kisha bonyeza pini uachie: mapezi ya tundu hilo yakirudi kwa uvivu, mara nyingi yana mafuta.

Stika iacheni. Spiriti hulegeza gundi na kula maandishi, kwa hiyo karibu nayo tumieni pamba yenye unyevu kidogo wa maji, mkiishia milimita 2 kabla ya ukingo. Kona ikishainuka, msiivute.