Wosha ya Beetle: naombeni ushauri kuhusu pampu ya umeme

Wakuu, nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1970, umeme volti 12. Wenye gari hizi mnajua wosha yake (ya kurushia maji kioo cha mbele) haina pampu: maji ya chupa iliyo buti la mbele yanasukumwa na upepo wa tairi la spea. Kuna valvu ya kukata upepo kabla spea haijalegea sana, lakini yangu imechoka, na sitaki kupata pancha nikiwa na spea laini.

Nataka kufunga pampu ndogo ya umeme. Kinachonisumbua ni swichi. Ile ya asili haiwashi chochote. Ukibonyeza kitufe cha katikati ya swichi ya wipa unafungua njia, na maji yenyewe yanapita nyuma ya dashibodi, jirani na nyaya (mimi hilo sijawahi kulipenda). Kutoboa dashibodi sitaki kabisa. Kuna aliyeficha kitufe chini yake? Au aliyeweka swichi ya presha (inayowasha pampu presha ikishuka) kwenye mpira wa maji, ili kitufe cha asili kiendelee kufanya kazi?

Pampu nyingi hizi hazivuti maji, lazima zikae chini ya chupa. Mliifunga wapi? Umeme nafikiria kuuchukua kwenye fyuzi ya wipa, ampea 8. Fundi wangu anasema itazidiwa. Ni kweli?