Uliyetafsiri Dastaan, mama yangu anakudai kilio chake

Wakuu, habari za jioni. Sina salamu ndefu leo. Nimekuja na hasira zangu na naomba mnivumilie, maana hili jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Mama yangu ninaishi naye hapa Tanga, ana miaka sitini na saba, miguu inamsumbua, burudani yake siku hizi ni tamthilia. Za Kituruki kazimaliza, za Kifilipino hazitaki, anasema wale kazi yao kupigana makofi. Jirani akamdokeza kuna tamthilia ya Pakistani ya mwaka 2010 inaitwa Dastaan, inahusu 1947, India inakatwa mapande mawili na watu wanapotezana. Mama akashika hapo hapo: nitafutie. Nikaenda kibandani wanakoweka muvi, kijana akanihakikishia, "Dada, ninayo, imetafsiriwa yote, bi mkubwa hatapata shida." Nikatoa elfu tatu, flashi ikajazwa, nikarudi nyumbani nimeishika kama nimebeba biriani.

Biriani lenyewe lilikuwa na mchanga.

Kwa msioijua: Bano ni binti wa Kiislamu wa Ludhiana, Punjab, upande ambao baadaye uliangukia India. Anapendana na Hassan, wanachumbiana. Kaka yake Bano, Saleem, ni mtu wa chama cha Congress, anaamini Wahindu na Waislamu wataendelea kuishi mtaa mmoja kama siku zote. Hassan ni wa chama cha Muslim League, anaitaka Pakistan, nchi ya Waislamu peke yao. Kwa hiyo siasa inaingia mpaka kwenye sinia la chakula, na hawa ni watu wa kuwa mashemeji. Halafu moto unawaka, familia ya Bano inauawa, na yeye akiwa katika kuitafuta Pakistan anaangukia mikononi mwa Kalasinga mmoja, Basant Singh, anayemfungia miaka mitano. Anabadilishwa dini, anabadilishwa jina, anazaa mtoto. Miaka yote hiyo kinachomweka hai ni Hassan na nchi ambayo hajawahi kuiona. Siku anafika Pakistan, Hassan ameshachumbia mwanamke mwingine, Rabia.

Sasa sikieni DJ, huyo mtafsiri anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya tamthilia, alivyoifanya.

Treni ya watu wanaohamia Pakistan. Imejaa, watu wamekaa mpaka juu ya paa. Ukishajua kidogo historia ya 1947 tumbo linakukata ukiona treni tu, maana mwaka ule kuna treni ziliingia stesheni ya Lahore upande wa Pakistan na nyingine Amritsar upande wa India zikiwa zimebeba maiti tupu. Miji hiyo miwili haifiki hata kilomita sitini kwa barabara. Nikamwangalia mama, kashika tasbihi. DJ akaja juu na sauti yake ile ya kukwaruza: "Oyaaa, hii treni imejaa kuliko daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni! Konda, shusha!"

Konda, shusha. Watu wanakwenda kuchinjwa wewe unaita konda.

Nikasema labda kapitiwa, tusonge. Kumbe ndiyo staili yake. Sanam Baloch, anayeigiza Bano, ni mtu wa kuongea kwa macho. Kuna mahali anakaa tu, anaangalia ukuta, hasemi kitu, na wewe unajua kabisa anawaza nani. DJ hawezi kuvumilia kimya hata sekunde tatu. Kila Bano akinyamaza, yeye anajaza. Mara anatuma salamu kwa washkaji wa gereji, mara anasoma namba yake ya simu, mara "huyu demu kazubaa, kamkumbuka Hassani wake, mapenzi yatakuua dada." Pale mwenye tamthilia alipoacha nafasi mtazamaji alie, wewe umeweka tangazo.

Na tafsiri yenyewe? Kugawanywa kwa India kakueleza hivi, nanukuu nilivyosikia: "Mzungu kasepa, Wahindi wakaanza kuzichapa." Basi. Mama akaniuliza walikuwa wanagombea nini, nikabaki natoa macho, ikabidi nikasome.

Kumbe Waingereza ndio waliotangaza tarehe 3 Juni 1947 kwamba nchi itagawanywa, na uhuru ukapangiwa Agosti ile ile. Kazi ya kuchora mpaka akapewa wakili wa London, Cyril Radcliffe, mtu ambaye hajawahi kukanyaga India. Kafika Julai 8, kapewa wiki tano. Wiki tano, wakuu! Sisi huku kesi ya mpaka wa kiwanja inakula miaka saba. Pakistan ikapandisha bendera Agosti 14, India Agosti 15, na ramani ya mpaka ikatolewa tarehe 17. Yaani watu wameshasherehekea uhuru bila kujua kitanda chao kiko nchi gani. Wilaya ya Gurdaspur wengi walidhani wako Pakistan, siku mbili tatu baadaye wanaambiwa sehemu kubwa ni India. Watu zaidi ya milioni kumi wakahama, na waliokufa, kila anayehesabu ana hesabu yake, wapo wanaosema laki mbili na wapo wanaofika milioni mbili.

Hayo yote DJ kayamaliza kwa "wakaanza kuzichapa". Halafu waliofika Pakistan wanaitwa *muhajir*, neno linasikika wazi kabisa kwenye sauti ya nyuma. Mswahili gani hajui Muhajirina, wale waliohama Makka kwenda Madina? Umepewa neno bure, limeshapikwa, limepakuliwa, wewe unasema "wakimbizi wa vita". Vita gani?

Lililoniudhi kuliko yote ni lile la Makalasinga. Basant Singh ni mtu mbaya, hilo halina mjadala. Lakini DJ kila akitokea mwenye kilemba anasema "Makalasinga ndio zao hizi." Tanga hapa tumekua na Makalasinga, wametutengenezea magari, tumesoma na watoto wao. Na nisimwonee DJ peke yake, tamthilia yenyewe inaegemea upande. Imetengenezwa Pakistan, inalia kilio cha Pakistan. Mwezi Machi 1947 kwenye vijiji vya karibu na Rawalpindi, upande uliokuja kuwa Pakistan, walioshambuliwa walikuwa Makalasinga. Kijiji cha Thoa Khalsa wanawake walijitupa kisimani na watoto wao wasije wakashikwa. Kila upande ulikuwa na akina Bano wake. Kwa hiyo mtafsiri mwenye akili angepunguza sumu hapo. Huyu wetu kaongeza pilipili.

Halafu kuna lile la mtoto. Bano anafika Pakistan na mtoto wa mtu aliyemteka. DJ kacheka: "Kaja na mzigo!" Wanawake waliotekwa mwaka ule wanakadiriwa kufika elfu sabini na tano, na wengine wanataja zaidi. Serikali mbili zikakubaliana Desemba 1947 kuwatafuta na kuwarudisha kila mmoja upande wake, India ikatunga na sheria mwaka 1949. Mwanamke hakuulizwa anataka kurudi au hataki. Wapo waliorudishwa ndugu wakawakataa, wapo waliotenganishwa na watoto wao. Huo ndio "mzigo" uliokuchekesha.

Sasa niwape kisa kimoja. Juzi flashi ilikwama mahali, sauti ya DJ ikakatika, ikabaki ya Kiurdu peke yake kama dakika nne hivi. Nikainuka niirekebishe, mama akanizuia kwa mkono. Akasikiliza. Akasema, "Kasema dunia." Kidogo tena: "Kasema wakati. Kasema safari." Bano akasema kitu kirefu ndani yake kuna *sabr*, mama akaitikia mwenyewe, "Subira, mwanangu." Halafu ikaja *zulm*, akatikisa kichwa, "Dhuluma, eeh." Akanigeukia: "Kumbe hawa wanaongea Kiswahili?"

Dakika nne bila DJ mama kaelewa kuliko masaa matatu na DJ.

Flashi ikazinduka, jamaa akarudi hewani: "Tunaendelea wazeeee!" Mama kazima televisheni mwenyewe, kwa fimbo yake ya kutembelea.

Nimerudi kibandani. Tamthilia ina sehemu 23, kwenye flashi nimehesabu 14, na ya mwisho inakatika katikati DJ anasema usikose mzigo unaofuata. Mzigo unaofuata hakuna. Kijana kanijibu, na sina ugomvi naye, ni mtoto tu anatafuta rizki: "Dada, wateja wanataka kuchekeshwa. Ikiwa na huzuni hawarudi." Elfu tatu yangu hakurudisha, kaniwekea ya Kichina ya ngumi.

Mimi sipingi DJ kutafsiri. Bila nyinyi mama yangu asiyejua Kiingereza wala Kiurdu angeishia kwenye taarifa ya habari. Ndiyo maana inauma. Mlango wake ni nyinyi, na mmesimama mlangoni mnacheza singeli. Komedi zipo elfu moja, chekesheni huko mpaka mbavu ziume. Hii moja mngeiacha ilie.

NYONGEZA: Nimesoma maoni yenu. Anayesema "si uangalie mwenyewe na maandishi ya chini", ndicho tunachofanya tangu jana. Nimeipata mtandaoni yenye maandishi ya Kiingereza, Kiingereza changu cha kuombea maji, nasoma, nasimamisha, namwambia mama, tunaendelea. Sehemu moja inatuchukua masaa mawili. Tumefika kwenye treni. Nilitafsiri mistari miwili nikanyamaza, na mama hakuniuliza yamesema nini. Alivuta ncha ya kanga, akafuta uso, akasema twende mbele.

Na kwa yule anayedai kumjua DJ, mfikishie swali la mama, maana kaniamuru niliandike hapa kama lilivyo: yule Rabia kaposwa kwao, kwa heshima, na watu wazima wakiwa wamekaa. Kwa kosa gani umemwita mchepuko?