Hawa wanaochapa upya hadithi za Weird Tales wanatuona mafala?

Wakuu, leo sitapunguza maneno.

Nimeagiza mtandaoni kitabu kinene cha hadithi za kisayansi na za njozi za miaka ya 1930, zile zilizotoka kwenye majarida ya Marekani ya karatasi duni kama Weird Tales na Astounding Stories. Tangazo lilisema ni matoleo kamili, yamehaririwa upya. Nimelipa Sh 92,000, usafiri pembeni. Kilichofika ni takataka.

Jaladani kuna mwanaanga na suti ya kisasa kabisa, wakati zaidi ya nusu ya hadithi ni za mapanga na wachawi. Hilo nikalimeza. Kufungua ndani, hadithi ya 1933 (mwaka nimeutafuta mwenyewe), mhusika anazungumzia sayansi ya "modem". Modem, kile kifaa cha intaneti, mwaka 1933! Neno lilikuwa "modern", yaani ya kisasa. Mashine iliyoskani imeona r na n zimebanana ikaandika m, na hakuna binadamu aliyepita nyuma yake kusoma. Majarida yale yalipangwa safu mbili kila ukurasa, kwa hiyo kuna mahali mstari wa kushoto umerukia safu ya kulia, mtu kashauawa huku bado anabishana. Kilichonimaliza kabisa: panga limeshainuliwa, shingo iko chini, halafu pameandikwa "inaendelea ukurasa wa 112". Nenda ukurasa wa 112 wa kitabu hiki, unakuta watu wako sayari ya Mars.

Nikawaandikia. Wakanijibu eti wameacha hivyo kulinda ladha ya zamani.

Sasa kubwa kuliko yote. Kitabu kizima hakuna tarehe, hakuna jina la jarida, hakuna neno moja kuhusu nakala waliyotumia. Mtu atasema hadithi ni hadithi, tarehe ya nini? Chukua Conan, yule shujaa wa mapanga wa mwandishi Robert E. Howard. Ile ya kwanza kuchapwa, Desemba 1932, Conan ni mfalme tayari. Ya Machi 1933 ni kijana mwizi. Howard alikuwa anaruka mbele na nyuma ya maisha ya mtu wake apendavyo, mpaka alipofariki 1936 akiwa na miaka 30. Ukiondoa tarehe, msomaji mgeni anadhani mwandishi kachanganyikiwa.

Kwa H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, ndiyo wizi mtupu. Hadithi yake ndefu "At the Mountains of Madness" ilitoka Astounding kuanzia Februari hadi Aprili 1936, na wahariri wakaikatakata: aya zake ndefu wakazivunja vipande, karibu na mwisho wakanyofoa maneno mengi. Mwenyewe alikasirika sana. Maandishi yaliyosahihishwa na S. T. Joshi, mtafiti wa kazi za Lovecraft, yalitoka 1985. Hawa jamaa wameweka ileile iliyokatwa, halafu nyuma ya kitabu wanajisifu "kamili, haijapunguzwa". Nimelinganisha aya kwa aya.

C. L. Moore, mwandishi mwingine wa majarida hayo, naye wamemwandikia wasifu wa mistari miwili kama mwanamume. Ni Catherine Lucille Moore, alikuwa mfanyakazi wa benki Indianapolis, na alifupisha majina ili waajiri wake wasijue anaandika hadithi. Hilo halihitaji utafiti wa kuumiza kichwa.

Najua kwa nini wanafanya hivi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule hakimiliki ilidumu miaka 28, usipoihuisha imekwisha, na hadithi nyingi za majarida hayo hazikuhuishwa. Kuchapa ni halali, sina ugomvi. Lakini kurasa nyingi za majarida hayohayo zimeskaniwa na ziko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, pamoja na michoro yake, ambayo kwenye kitabu hiki haipo hata mmoja. Kwa hiyo hiyo Sh 92,000 nimelipia nini hasa? Karatasi?

Nimedai hela yangu. Wanataka nirudishe kitabu kwa gharama zangu mpaka Uingereza, na posta peke yake inazidi bei niliyonunulia. Kama kuna mdau alishawahi kubanana na wauzaji wa aina hii akarudishiwa chake, aweke hapa alipitia njia gani. Na mwenye kujua wachapishaji wanaoandika mwaka na jarida chini ya kila hadithi, awataje.