Naomba ushauri: natafuta familia iliyotoka Jinja 1972, ilihamia Belgrave, Leicester

MjukuuWaJinja
Wakuu, habari zenu. Niko Nottingham, Uingereza, kimasomo. Babu mzaa baba alifanya kazi kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale Jinja, mpaka Wahindi walipofukuzwa Uganda. Babu alipofariki tulikuta bahasha yenye picha sita za ile familia na barua ya mwaka 1973 kutoka Belgrave, Leicester. Jumamosi nakwenda kuwatafuta niwakabidhi picha zao. Ukoo wao ni Patel. Nimeshachapisha vipeperushi 200 vyenye sura ya mzee, nivigawe barabara nzima ya Belgrave Road. Nianzie upande gani? Nina siku moja tu, na roho haitulii.

Kitongoji_LE4
Dada, vipeperushi viache nyumbani. Kumtafuta Patel Belgrave ni kumtafuta Juma Kariakoo. Tazama jina la katikati. Wagujarati huandika jina la mtu, halafu la baba yake, halafu ukoo, na hilo la baba ndilo litakalotenganisha Patel mmoja na mwingine. Tafuta pia kijiji chao cha asili kule Gujarat. Vyama vyao vya kijamaa, samaj, mara nyingi hutunza orodha za familia kwa vijiji, na ukimpata katibu mmoja amekuokolea mwezi mzima.

Kuhusu barabara yenyewe: Belgrave Road na mwendelezo wake Melton Road ni maduka ya dhahabu, sari na vyakula. Wenye maduka wengi hawalali pale. Makazi yako mitaa ya pembeni, zile nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Na waliofika miaka ya 1970 wengi walisogea baadaye Rushey Mead, wengine wakaenda Oadby, upande wa pili kabisa wa jiji. Anwani ya zamani itakupa pa kuanzia, usitarajie kumkuta mtu mlangoni.

MamaKumbukumbu
Barua ina anwani? Kama ina jina la mtaa na namba, njia yako ni daftari la wapiga kura. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wana haki ya kupiga kura Uingereza, kwa hiyo familia hizi zinaonekana humo mapema, hata wale ambao hawakuwa na pasipoti ya Uingereza. Ila elewa ratiba. Enzi hizo waliandikishwa waliokuwa wakiishi kwenye nyumba tarehe 10 Oktoba, na daftari lilianza kutumika tarehe 16 Februari mwaka unaofuata. Aliyefika Novemba 1972 alikosa la 1973. Mtafute kwenye la 1974. Watu wengi hufungua la 1973, wasione jina, wakadhani familia haikufika kabisa.

Daftari limepangwa kwa mitaa, si kwa majina. Bila mtaa utapekua Belgrave yote. Nakala ziko ofisi ya kumbukumbu ya Leicestershire, Leicester na Rutland, kule Wigston. Piga simu kwanza uweke miadi, usije ukakuta mlango umefungwa.

ReliZaKale
Ukishuka Belgrave Road kutoka mjini, sehemu ilipo supamaketi kubwa palikuwa na stesheni ya kampuni ya reli ya Great Northern, iliyofunguliwa 1882. Huduma ya kawaida ya abiria ilikoma 1953, lakini treni za kiangazi za kwenda pwani, Skegness na Mablethorpe, ziliendelea hadi 1962. Wafanyakazi wa viwanda vya soksi na viatu walisubiri likizo yao kwa ajili ya safari hizo. Stesheni ile inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa sasa.

Na hili linakuhusu: kama kuna picha iliyopigwa nje, usijaribu kuilinganisha na barabara ya leo. Upande huo wa mjini paliwekwa daraja la juu la magari miaka ya 1970, likabomolewa 2014. Mandhari imebadilika mara mbili.

BintiWaPwani
Naomba tusirudie ule usemi kwamba Amin ndiye aliyeijaza Belgrave. Wahindi wa Kenya walitangulia 1967 na 1968, Kenya ilipobana vibali vya kazi na biashara na Uingereza ikakimbilia kufunga mlango. Belgrave ilikuwa na nyumba za bei nafuu zilizoachwa na wenyeji, maduka matupu, na viwanda vya kutembea kwa miguu. Wahindi wa Uganda walifuata ndugu. Halmashauri ya jiji ililijua hilo, ndiyo maana Septemba 1972 ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester: nyumba hakuna, shule zimejaa. Walikuja. Leo barabara ile ile ndiyo jiji linayojivunia. Tangazo lile liliwaumiza watu waliokuwa wamebakiwa na wiki chache tu za kuondoka, na linafaa kutajwa kila historia ya mtaa huu inaposimuliwa.

Kitongoji_LE4
Sawa kabisa. Turudi kwa dada: barua inasema nini hasa?

MjukuuWaJinja
Anwani ipo, mtaa na namba. Barua ni salamu tu. Anamuuliza babu hali, anasema watoto wamekua, na kwamba barabara nzima imewashwa taa za Diwali na watu wamejaa hadi usiku. Mengine ni ya kawaida.

Mpekuzi77
Hapa nasimama. Taa za Diwali za Belgrave Road zilianza kuwashwa 1983. Barua ya 1973 haiwezi kuzitaja. Tena huyu mzee aliyefukuzwa 1972 anasema "watoto wamekua" baada ya mwaka mmoja? Ama barua haipo, ama umeisoma nusu. Wadau, msiendelee kumpa mtu njia za kufuatilia familia ya watu mpaka aeleze.

MamaKumbukumbu
Mpekuzi ana haki ya kuuliza. Mwaka 1973 umeandikwa wapi? Weka bahasha chini ya taa inayomulika kutoka pembeni, usome muhuri wa posta juu ya stempu.

MjukuuWaJinja
Sijatunga. Barua yenyewe haina tarehe. 1973 aliiandika baba mdogo kwa kalamu juu ya bahasha. Nimetazama muhuri kama mlivyosema: Novemba 1984.

Basi niseme yote. Mzee anauliza pia kama jengo la duka bado limesimama na nani yumo. Babu ndiye aliyekuwa amepewa duka baada ya wao kuondoka, na hakumjibu. Familia yetu imo humo hadi leo. Baba wadogo wamenipa karatasi ya kusainiwa na mtoto yeyote wa mzee, kwamba hawana dai. Lakini si ujanja. Jengo tumelitunza miaka 50, paa tumebadilisha, na picha nazirudisha kweli.

Mpekuzi77
Ahsante kwa kusema. Sasa tunajua swali lako ni lipi.

HatiNaMipaka
1984 inabadilisha kila kitu. Majengo yaliyoachwa yaliwekwa chini ya Departed Asians Property Custodian Board, bodi ya serikali ya Uganda iliyoshika mali za Wahindi walioondoka, na aliyekaa humo kwa ruhusa hakuwa mwenyewe. Kisha Uganda ikatunga sheria ya mwaka 1982 ya kuwarudishia waliopokonywa mali. Mzee aliandika wakati huo. Swali lake halikuwa salamu, alikuwa anatafuta mali yake.

Karatasi ya baba wadogo usiipeleke. Sahihi ya mtoto mmoja haifungi warithi wengine, na iliyochukuliwa mlangoni bila wakili wake itapingwa. Mwambieni wakili wa Uganda afanye upekuzi wa hati ya kiwanja kwanza. Huenda mzee alikwisha kudai, au jengo liliuzwa na Bodi, na ninyi hamjui.

MjukuuWaJinja
Baba wadogo wanangoja jibu Jumapili. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini? Tiketi nimeshalipa.

BintiWaPwani
Waambie barua ni ya 1984, na kwamba mzee aliuliza akanyamaziwa. Hilo hawalijui, au wanalijua na wewe ndiye uliyefichwa.

Kitongoji_LE4
Nenda, ila na nakala za picha, asili zibaki Nottingham. Pita hekalu la Shree Sanatan Mandir, mtaa wa Weymouth, uombe kuonana na mmoja wa viongozi. Mwachie bahasha iliyofungwa yenye nakala moja, jina lako na namba ya simu. Familia ikitaka, itakupigia. Na ndani ya bahasha andika habari za jengo. Wasije wakazijua kwa mtu mwingine.

MjukuuWaJinja
Bahasha nitaiandaa. La jengo naomba nilifikirie usiku huu. Mama, Wigston nifungue daftari la mwaka gani?

MamaKumbukumbu
Weka miadi ya siku ya kazi. Anza na lililoanza Februari 1985, maana linaonyesha waliokuwa kwenye nyumba ile Oktoba 1984, mwezi mmoja kabla ya muhuri wako. Nakili kila jina la nyumba hiyo, na lile la katikati kama limeandikwa, hata ikiwa ni herufi tu. Kijana aliyekuwa akikaribia miaka 18 huandikwa pamoja na tarehe atakayoifikisha, kwa hiyo utapata siku ya kuzaliwa ya mtoto bila kuuliza mtu. Kisha songa mbele mwaka hadi mwaka mpaka majina yatoweke. Mwaka huo ndio walihama, na majirani wa kuwauliza ni wale walio kwenye ukurasa huo huo, namba mbili juu na mbili chini.