Mtoto akijigaragaza Kariakoo na watu wanakuambia "mchape!", mnafanyaje?

mamaK_Tabata: Wakuu habari. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Akiona midoli ya machinga nikakataa kununua, anajitupa chini. Hapo hapo wapita njia: "mchape huyo", "mama, mtoto kakushinda", mwingine anampa pipi. Nianze na mtoto au na watu?

mwl_awali: Mtoto kwanza, dada. Kariakoo hatari si kilio, ni mikokoteni na bodaboda, kwa hiyo mtoe njiani kabla ya kusema lolote. Usimnyanyue kwa mkono mmoja. Kwa watoto wadogo kiwiko huteguka kirahisi. Mbebe mgongo wake ukiwa kifuani kwako, anatazama mbele, mkono wako mmoja chini ya mapaja. Mkitazamana atakugonga pua kwa kichwa. Mbeleko iache kwanza, maana anayejirusha nyuma huchomoka.

Mkifika kwenye baraza ya duka, chuchumaa, mwambie: "Unaitaka gari, umekasirika. Leo hatununui." Halafu nyamaza. Wengi huharibu hapa, wanaanza kuhubiri. Akiwa amepandwa na hasira maelezo hayamwingii, kelele zako zinamchochea tu. Kilio kikigeuka kwikwi, mpe maji, mfute uso, mpe ndimu ashike, muendelee. Kama dakika kumi na tano zimepita na bado, mwachie muuzaji mzigo akushikie, mrudi nyumbani. Unga hata duka la mtaani upo.

Ukishakataa, usinunue ili anyamaze. Ukilegeza hata safari moja kati ya tano, atalia zaidi safari zote, kwa kuwa hajui ni ipi utakayolegeza.

BabaMkali: Kofi moja la makalio, kesi imeisha. Mnawadekeza.

mwl_awali: Litamnyamazisha kwa hofu kidogo, kaka, kisha analia upya akiwa na sababu mbili. Na ile ya "polisi atakuchukua" nayo muiache. Siku akipotea sokoni, askari ndiye tunayetaka amkimbilie.

shangazi_Ilala: Upande wa watu: mtu mzima akikusema, mwamkie. "Shikamoo bibi. Nimekusikia, ngoja atulie kwanza." Akishaitikia marahaba, ni vigumu kuendelea kukufokea. Kijana wa kejeli hajibiwi, mpe mgongo. Mwenye pipi ana nia njema mara nyingi (si zote): ipokee, tia mkobani, "asante, atakula baada ya chakula." Ukimrushia unazua ugomvi mwingine, na mtoto akiila pale pale amelipwa kwa kulia. Anayerekodi kwa simu, ufiche uso wa mtoto begani kwako, mwambie wazi "usimpige picha mwanangu", kisha ingia dukani.

Halafu ratiba. Nenda asubuhi ameshakunywa uji, siyo saa saba mchana usingizi umemjaa. Kabla hamjashuka daladala mtajie: "Tunanunua unga, mafuta, sabuni. Midoli hapana." Mtaa wenye midoli uzungukeni. Hiyo si kushindwa na mtoto.

mamaK_Tabata: Asanteni sana. Na akilia mpaka pumzi inakatika, midomo inakuwa ya bluu?

nesi_kliniki: Hutokea kwa baadhi ya watoto kati ya miezi sita na miaka sita, na hafanyi makusudi. Mlaze ubavu chini, ondoa vitu vya kujigonga, usimtikise, usimmwagie maji, usimtie kidole mdomoni. Kwa kawaida pumzi hurudi yenyewe kabla ya dakika moja kuisha. Ikimtokea mara ya kwanza, mpeleke kwa daktari hata kama ameamka anacheza, na uombe apimwe damu: upungufu wa madini ya chuma huchangia. Dakika ikipita hajapumua, au akabaki amekakamaa au hazinduki, mkimbize hospitali hapo hapo.